Harrell ni moto wa benchi, Lakers wajue lini pa kuuzima

Novemba 2020, Montrezl Harrell alihama timu bila kuhama uwanja. Msimu wa 2019/20 alikuwa akikipiga LA Clippers. Msimu wa NBA ulioanza Desemba 22, 2020 alivaa jezi ya LA Lakers, na nyumbani kwake kukabaki pale pale Staples Center, kwa kuwa wakati huo timu zote mbili zilikuwa zikiutumia uwanja huo. Waliofuatilia sakata la Bernard Morrison kutoka Yanga kwenda Simba Agosti 2020 wanajua uhamisho wa aina hii unavyopandisha watu presha.

Lakini safari ile neno usaliti halikutajwa sana. Kilichobishaniwa kilikuwa thamani ya mtu. Mashabiki wa Lakers, waliokuwa mabingwa watetezi, waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza walisema timu yao ilikuwa imempora jirani silaha yake kali kwa bei ya kutupa. Wa pili walisema jirani ndiye aliyetua mzigo, na Lakers waliubeba wakishangilia.

Kila kundi lilikuwa na hoja, na kila kundi liliangalia nusu ya mechi tu.

Tuanze na wanaomtaka. Msimu wa 2019/20 Harrell alicheza mechi 63 na kuanza mbili tu. Zote zilizobaki alitokea benchi. Kwa wastani wa dakika 27.8 kila mechi, alifunga pointi 18.6 na kuchukua ribaundi 7.1. Kuna mastaa wanaoanza kila siku na hawazifikii namba hizo. Akapewa tuzo ya Mchezaji wa Sita Bora wa msimu, akimpiku Dennis Schröder, ambaye naye alihamia Lakers mwaka 2020.

Namba peke yake hazimwelezi jamaa huyu. Harrell ni mtu wa mzuka. Akiingia, mechi iliyokuwa imelala inaamka. Anakimbia kila mpira, anajirusha sakafuni, anagombania ribaundi na watu waliomzidi urefu, akidanki anapiga kelele utadhani amechukua ubingwa. Aliingia NBA mwaka 2015 akiwa chaguo la 32, raundi ya pili, mahali ambapo wengi hupotea mapema. Amefika alipo kwa jasho, na shabiki yeyote duniani humpenda mchezaji anayeonekana kutoka jasho.

Sasa tugeukie wanaomkataa. Hawa wana neno moja tu: Denver.

Clippers walikuwa mbele kwa mechi 3-1 dhidi ya Denver Nuggets kwenye nusu fainali ya Kanda ya Magharibi, kule kambini Orlando. Walihitaji ushindi mmoja katika mechi tatu. Mechi ya sita waliongoza kwa pointi 19, wakapoteza. Mechi ya saba, iliyochezwa alfajiri ya Septemba 16 kwa saa za Afrika Mashariki, walienda mapumziko wakiwa mbele kwa 56-54. Kipindi cha pili chote wakafunga pointi 33. Ikaisha 104-89, mabegi yakafungwa.

Na hapa ndipo ubishi unapokuwa mtamu. Usiku huo Harrell ndiye aliyeongoza Clippers kwa kufunga. Alipata pointi 20. Kawhi Leonard alikuwa na 14, Paul George 10, na wote wawili hawakufunga hata pointi moja katika robo ya nne. Anayemtetea Harrell anaishika karatasi hiyo na kuuliza: mnamlaumu vipi aliyefunga kuliko wote?

Jibu liko upande wa pili wa uwanja. Nikola Jokić alimaliza mechi hiyo na pointi 16, ribaundi 22 na asisti 13. Jokić ana urefu wa mita 2.11. Harrell ana mita 2.01. Harrell akiwa ndani, Jokić alikuwa akiona juu ya kichwa chake kama mtu aliyesimama ghorofani, anachagua tu: afunge mwenyewe, au ampenyezee mwenzake anayekatiza. Clippers walikuwa na Ivica Zubac, mrefu wa mita 2.13, ambaye hafungi kama Harrell lakini angalau anaziba njia. Kocha Doc Rivers aliendelea kumpa Harrell dakika nyingi. Kabla Septemba haijaisha, Rivers hakuwa tena na kazi Clippers.

Shabiki wa soka amezoea kuhesabu mabao ya mshambuliaji na kumwachia beki deni la mabao ya kufungwa. Kwenye kikapu hesabu hiyo haiendi. Hakuna straika anayebaki mbele akisubiri pasi. Watano wanashambulia, watano hao hao wanarudi kuzuia, na kila mmoja ana mtu wake. Ukifunga pointi 20 huku eneo lako likiruhusu 26, umeitia timu hasara ya sita, hata kama jina lako ndilo litakaloandikwa kwenye magazeti.

Kwa nini basi tatizo hilo halikuonekana msimu wa kawaida? Kwa sababu msimu wa kawaida ni wa kupita. Leo unacheza na Orlando, kesho kutwa na Charlotte, mpinzani hana muda wa kukusoma. Mara nyingi Harrell alikutana na wachezaji wa akiba wa timu nyingine, waliochoka au wasio na kiwango chake. Hapo nguvu zake zinatosha kabisa. Kwenye mtoano unakutana na timu ile ile hadi mara saba. Makocha wanakaa na video, wanatafuta tundu, wakilipata wanapita hapo hapo mpaka uzibe. Harrell hapigi mitupo ya pointi tatu, kwa hiyo akiwa nje hakuna anayehangaika naye. Akiwa ndani, anakutana na wakubwa wa kwanza, si wa akiba. Wastani wake wa mtoano ulishuka hadi pointi 10.5 na ribaundi 2.9.

Hata hivyo, wanaomhukumu kwa namba hizo wanasahau jambo moja ambalo si dogo. Julai, Harrell aliondoka kambini Orlando kwa dharura ya familia, na bibi yake, aliyekuwa nguzo ya maisha yake, akafariki. Alizikosa mechi zote nane za kumalizia msimu. Alirudi Agosti, akaingia moja kwa moja kwenye mtoano dhidi ya Dallas akiwa hajacheza mechi ya ushindani kwa miezi mitano. Mtu mwenye msiba, asiye na mechi mwilini, akapewa kazi ya kumzuia mchezaji mgumu kuzuilika kuliko wakubwa wote wa ligi. Kusema hapo ndipo kipimo chake cha haki ni kumwonea.

Lakini kusema kuwa msiba ndio sababu pekee nako ni kujidanganya. Huzuni hupungua, urefu hauongezeki. Mita 2.01 zitabaki mita 2.01.

Soko lilitoa hukumu yake, na hukumu hiyo iliwapa somo mashabiki wa pande zote. Mfungaji wa pointi 18.6 aliyekuwa na umri wa miaka 26 alisaini Lakers kwa takriban dola milioni 19 kwa miaka miwili. Clippers walimpa Marcus Morris dola milioni 64 kwa miaka minne. Na mrithi wa Harrell pale Clippers alikuwa Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, bingwa wa 2019 akiwa na Toronto. Mkwanja wake? Takriban dola milioni 19 kwa miaka miwili, sawasawa na Harrell. Msimu wa 2019/20 Ibaka alifunga wastani wa pointi 15.4, chini ya Harrell, lakini alikuwa na urefu, alizuia mitupo na alitupa za pointi tatu. Clippers wenye fedha ile ile mkononi waliamua kupunguza moto na kuongeza ukuta.

Historia inawaunga mkono kwa kiasi fulani. Tuzo ya Mchezaji wa Sita ilianza msimu wa 1982/83. Tangu hapo hadi 2020, waliobeba tuzo hiyo na ubingwa katika msimu mmoja walikuwa wanne tu: Bobby Jones mwaka 1983, Kevin McHale 1984, Bill Walton 1986 na Toni Kukoč 1996. Tangu Kukoč hadi 2020 ilipita miaka 24. Lou Williams ameitwaa tuzo mara tatu, Jamal Crawford mara tatu, na hakuna kati yao mwenye pete.

Waangalie hao wanne. Jones alisifika kwa kuzuia. McHale na Walton walikuwa warefu wa kweli wanaoziba njia. Kukoč alikuwa na mita 2.08 na jicho la pasi. Hakuna aliyekuwa mfungaji tu. Tangu enzi za kocha Red Auerbach pale Boston, aliyemtumia Frank Ramsey na baadaye John Havlicek kutokea benchi, mchezaji wa sita alimaanisha mtu wa kiwango cha kwanza anayesubiri zamu. Manu Ginóbili aliuendeleza utamaduni huo San Antonio, akabeba mataji manne. Alikubali kukaa benchi mwanzo wa mechi kwa sababu alijua mwisho wa mechi atakuwa uwanjani.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wote. Mashabiki waligombana kama Harrell aanze au asianze. Hilo ni swali la soka, ambako sabu akiingia hatoki isipokuwa mambo yameharibika, na aliyetoka harudi. Kwenye kikapu mchezaji anatoka na kuingia mara kumi. Kuanza ni heshima tu. Swali la maana ni nani anamaliza, na dhidi ya nani.

Kwa Lakers, jibu lilipatikana kwenye kalenda. Walibeba ubingwa Oktoba 11, 2020 na wakarudi kazini Desemba 22. Hayo yalikuwa mapumziko ya miezi miwili na siku chache baada ya msimu mrefu usio na mfano. LeBron James alitimiza miaka 36 Desemba 30, 2020. Mbele yao kulikuwa na mechi 72. Kungekuwa na usiku wa Februari, ugenini, LeBron amekaa na barafu magotini, ambao timu ingehitaji mtu wa kukimbia na kufunga pointi 18 huku wengine miguu ikiwa mizito. Usiku huo Harrell angekuwa dhahabu. Kila dakika ambayo angeipambania ingekuwa dakika ya kumwekea LeBron akiba kwa ajili ya Mei na kuendelea.

Pia hangekuwa peke yake kama alivyokuwa Clippers. Anthony Davis angeweza kusimama pembeni yake na kumfukia mashimo ya ulinzi. Marc Gasol, Mlinzi Bora wa ligi mwaka 2013, alisajiliwa kwa ajili ya wababe wa aina ya Jokić. Harrell hangelazimika kuwa ukuta.

Ila yote hayo yalimtegemea kocha wa wakati huo, Frank Vogel, kuwa na roho ngumu. Na hiyo alikuwa nayo. Dhidi ya Houston aliwaweka benchi JaVale McGee na Dwight Howard kwa sababu mpinzani alikuwa mfupi na mwepesi. Dhidi ya Denver akamrudisha Howard akapambane na Jokić. Mechi ya sita ya fainali dhidi ya Miami akamtoa Howard kwenye kikosi cha kwanza, akamwanzisha Alex Caruso, na siku hiyo hiyo akabeba ubingwa. Rivers alikuwa na mchezaji yule yule na akashindwa kumwambia kaa chini. Tofauti ya makocha hawa wawili ndiyo ingeamua kama Harrell angeonekana lulu au mzigo.

Harrell naye alikuwa na sehemu yake. Alikuwa akitafuta mkataba mnono aliounyimwa safari ile, na mchezaji wa namna hiyo akiwekwa benchi robo ya nne ya mechi kubwa anaweza kununa. Akikubali zamu yake, pete ingewezekana. Akigoma, Lakers wangegundua kuwa mzuka uleule uliowasha uwanja ungeweza kuwasha chumba cha kubadilishia nguo.

Mashabiki nao walipaswa kujipanga. Mechi ya kwanza kabisa ya Lakers msimu huo ilikuwa dhidi ya Clippers, Harrell huku, Ibaka kule. Akifunga 25 siku hiyo, waliomkubali wangetamba mpaka Mwaka Mpya. Akifunga sita, waliomkataa wangesema tuliwaambia. Wote wangekuwa wamewahi mno. Thamani ya Harrell ingehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ushindi ambao LeBron hangelazimika kuuhangaikia, mara ya pili kwa mechi za mtoano ambazo Vogel angejua dakika ya kumtoa. Ikipungua hesabu moja kati ya hizo mbili, basi waliosema Clippers wametua mzigo wangekuwa na haki ya kucheka.