Je, Thamani ya Utafiti Hupimwa kwa Hesabu ya Marejeo?

Mwalimu wa darasa la tatu asahihishapo tahajia za wanafunzi wake, aghalabu hufungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1981, ni matunda ya kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mwalimu huyo haandiki tanbihi ubaoni, wala hapeleki taarifa popote kwamba ameitumia. Kwa wale wapimao utafiti kwa kuhesabu marejeo, tendo lake ni kana kwamba halikutendeka. Jambo hili tungependa walimu wanafunzi walitafakari.

Upimaji huo huitwa bibliometriki. Mwaka 1955 Eugene Garfield, Mmarekani, alipendekeza iwepo faharasa ya kuonyesha makala gani imetajwa na makala gani. Alikusudia hasa kumsaidia mtafiti kuyapata na kuyachunguza maandishi yanayohusiana na kazi yake. Faharasa ya sayansi ilitoka mwaka 1964, ya sayansi za jamii mwaka 1973, na ya sanaa na fasihi mwaka 1978. Baadaye chombo cha kutafutia kikageuzwa kuwa mizani ya kupimia watu.

Hatukatai kwamba hesabu ina manufaa. Mahali ambapo vyeo hutolewa kwa upendeleo, tarakimu iliyo wazi yaweza kuwa kinga. Lakini mizani ya dhahabu haipimi magunia ya mahindi.

Kwanza, wanahistoria na wahakiki wa fasihi huandika vitabu, ilhali faharasa hizo zilijengwa juu ya majarida. Pili, kazi zao hukomaa polepole. Kipimo kimoja mashuhuri cha majarida huhesabu marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka 2 tu iliyotangulia. Kitabu cha historia huenda kikaanza kueleweka vema baada ya miaka 20. Tatu, kutajwa si kusifiwa: mwandishi hutajwa pia na wale wanaompinga. Nne, na hili ndilo zito kwetu, majarida yaliyomo katika faharasa hizo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza.

Fikirini basi mtafiti achunguzaye jinsi watoto wanavyojifunza kusoma silabi za Kiswahili. Akiandika kwa Kiswahili, atasomwa na walimu, ambao hawahesabiwi. Akiandika kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo, huenda akatajwa na wataalamu wenzake, naye akapandishwa cheo. Tukimlipa kwa hesabu hiyo peke yake, tusistaajabu akitupa kisogo. Hasara itamwangukia mtoto aliyekaa dawatini.

Wataalamu wenyewe wameiona hatari hii. Tamko la Leiden la mwaka 2015, lenye kanuni 10 za kutumia vipimo vya utafiti, linataka utafiti bora wenye manufaa kwa mahali unapofanyika ulindwe, na linaonya dhidi ya kuthamini Kiingereza peke yake. Linasisitiza pia kwamba tarakimu isaidie hukumu ya wajuzi, isichukue nafasi yake.

Hoja hii si ngeni kwa mwalimu. Akimpima mtoto kwa kuhesabu mara alizonyosha kidole darasani, atapata tarakimu sahihi na hukumu potofu. Imempasa asome daftari lake, amsikilize, amjue. Utafiti nao usomwe kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo twawausia walimu wanafunzi mambo mawili. Mkiambiwa kwamba utafiti fulani ni mkubwa kwa kuwa umetajwa mara nyingi, ulizeni: umetajwa na nani, kwa lugha gani, na umebadili nini? Tena, mkitumia matokeo ya utafiti darasani, yatajeni katika maandalio yenu ya masomo, na waandikieni watafiti mkiwaeleza yaliyofaa na yaliyoshindikana. Wingi si hoja. Hoja ni kama mtoto amejua kusoma.