Wati za kwenye boksi la saundibaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotafuta saundibaa, yaani spika ndefu ya kuunganisha na televisheni, ya bei nafuu. Televisheni za siku hizi ni nyembamba mno, na spika zake ndogo huelekezwa chini au nyuma, ukutani. Ndiyo maana picha inang'aa, lakini wazee wetu hawasikii msomaji wa habari anasema nini.

Kinachonikera ni maboksi yanayotangaza maelfu ya wati za PMPO. Hicho si kipimo chenye kanuni moja. Kila mtengenezaji hujiandikia apendavyo. Ulizia wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Kwa sebule ya kawaida, wati 40 hadi 60 za namna hiyo zinatosha kabisa.

Kisha angalia matundu ya kuunganishia waya. Penye HDMI ARC, iliyokuja mwaka 2009, waya mmoja unatosha na rimoti ya televisheni huongeza na kupunguza sauti. Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti: midomo inakwenda kivyake, maneno kivyake. Kwa taarifa ya habari au tamthilia, hilo linachosha sana.

Sabufa kubwa si lazima, hasa kwetu wapangaji, maana besi hupenya ukuta hadi kwa jirani.

Wauzaji wa Kariakoo, mruhusuni mteja aijaribu saundibaa kwa sauti ya mtu anayezungumza, si kwa muziki pekee. Nalo Shirika la Viwango Tanzania lihakikishe wati za RMS zinaandikwa wazi kwenye kila boksi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam