Kuhama na Jiko la Kauri

Mwisho wa mwezi ndio msimu wa mikokoteni. Mitaani mwetu Mombasa utaiona imepakiwa makabati, magodoro na masufuria, na nyuma yake mtoto aliyekumbatia saa ya ukutani ambayo amekataa kumpa mtu yeyote. Swali tulilolipokea juma hili linahusu chombo kisichopanda mkokotenini kwa wepesi huo. Mama mmoja anahama kutoka nyumba ya chini yenye ua kwenda ghorofa ya tatu, na mumewe ana jiko kubwa la kauri la kuchomea nyama, lile lenye umbo la yai na kifuniko kizito. Anauliza litapandishwaje ngazi bila kuvunjika.

Tutamjibu, lakini sisi pia tuna swali letu: likishafika huko juu, litakaa wapi?

Jiko hili ni la nje. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini, bila hata kukohoa. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Roshani iliyozibwa kwa vioo ni chumba kama vyumba vyengine, hata kama tunaiita roshani. Hatari haiishi chakula kikishaiva, kwa kuwa kauri hushika joto na makaa huendelea kuwaka taratibu kwa saa nyingi. Roshani ikiwa wazi kabisa, bado mwenye nyumba aulizwe, na jirani wa juu ambaye nguo zake zitakula moshi wa mishikaki kila Ijumaa jioni aulizwe pia. Baadhi ya majumba yana dari la juu la zege ambapo watu huanika nguo; hapo panaweza kufaa, kwa ruhusa. Pasipopatikana mahali, jiko liuzwe, au lipelekwe kwa shemeji mwenye ua, familia iwe inakwenda kuchomea huko. Tunajua mazungumzo haya ni mazito kuliko jiko lenyewe, kwani mara nyingi jiko ni la baba na kazi ya kufunga vyombo ni ya mama. Yafanyike kabla gari halijaitwa.

Mahali pakishapatikana, turudi kwenye ngazi. Asili ya majiko haya ni kamado za Wajapani. Wanajeshi wa Marekani waliokaa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliyapenda wakarudi nayo kwao, na leo yanauzwa sehemu nyingi za dunia. La ukubwa wa kawaida lina kilo 70 hivi, yaani mfuko wa saruji na karibu nusu ya mwengine. Makubwa hupita kilo 100. Pamoja na uzito huo, tabia yake ni ileile ya jiko letu la bati lenye kikombe cha udongo ndani, ambalo limeenea nchini tangu miaka ya 1980. Kila aliyehama nalo anajua kwamba udongo uliovumilia moto miaka mitatu huweza kupasuka kwa kugongwa mara moja kwenye kizingiti. Kauri haiogopi moto, inaogopa kugongwa. Tena likianguka, uzito wake wenyewe ndio unaolivunja.

Kwa hivyo halibebwi zima. Liachwe bila moto siku nzima kabla ya kuhama, wala lisimwagiwe maji ili lipoe upesi, maana maji baridi juu ya kauri ya moto huleta ufa. Jivu lizolewe. Kisha vitolewe vya ndani kimoja kimoja: nyavu za chuma, pete ya kauri na kile chungu kinachoshika makaa. Kila kipande kifungwe peke yake kwa mfarishi au blanketi kuukuu, kauri isigusane na kauri.

Kifuniko ndicho chenye hila. Kimeshikwa na bawaba yenye springi kali inayosaidia kubeba uzito wake. Ukiondoa kifuniko, springi iliyozoea mzigo huweza kuruka kwa nguvu ikavunja kidole au kupiga uso. Maelezo ya mtengenezaji wa jiko hilo yasomwe kwanza, na watoto wawekwe mbali. Asiyeyaelewa amwite fundi. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko bili ya hospitali.

Likishavuliwa hivyo, kinachobaki ni kitako, mzigo wa watu wawili wenye nguvu, wanaolishika kwa chini. Mkono wa kifuniko na mbao za pembeni si vishikio vya kuinulia. Kama lina kigari chenye magurudumu, kigari hicho ni cha kutembezea juu ya sakafu laini. Hata hapo livutwe, lisisukumwe, kwa sababu gurudumu likikwama huku unasukuma, jiko hupinduka.

Na hao watu wawili ni nani? Mahamali wetu hupatana bei kwa kutazama mlango, wakikisia kilicho ndani. Kuna wenye nyumba wanaolificha jiko chini ya shuka, litajwe wakati vitu vyengine vimeshapakiwa na bei imeshafungwa. Sisi hatulipendi jambo hilo. Hamali aonyeshwe jiko kabla ya kupatana, aambiwe kilo zake na idadi ya ngazi, na malipo yake yatajwe mbali. Akisema anataka mwenzake wa tatu atangulie kufungua milango na kuondoa mikeka, apewe. Mgongo wake ndio mtaji wake, na hauna duka la vipuri.

Garini, kitako kikae wima juu ya gurudumu kuukuu la gari lililowekewa godoro dogo, kifungwe kwa kamba karibu na kichwa cha gari, ambako mtikisiko ni mchache. Kifuniko na chungu cha ndani visafiri vimepakatwa na magodoro, si chini ya mashine ya kufulia.

Mkifika, jiko lisiwekwe moja kwa moja juu ya meza ya mbao. Liwe na miguu yake, au bamba la jiwe chini yake. Vipande vikaguliwe mchana, kwenye mwanga. Ufa kwenye chungu cha ndani mara nyingi hauzuii kupika, na chungu hicho hubadilishwa. Ufa wa ganda la nje ni jambo jengine, hapo lisiwashwe kabla ya mjuzi kulitazama. Likiwa zima, moto wa kwanza uwe mdogo, wa makaa machache, bila nyama.