Kung'oa imo, kuziba haimo

Kwa wale waliotuuliza kwa nini ukurasa huu haukutoka juma lililopita: nilikuwa na mtoto mgonjwa. Leo nawaeleza.

Binti yangu wa pili ana miaka tisa. Aliamka asubuhi shavu limevimba kama mtu aliyeficha nyanya mdomoni. Usiku wote alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimeshajaribu maji ya chumvi, karafuu, hata kile kidonge cha maumivu ambacho sote tunakijua. Nikamfunga kitambaa, nikamchukua na mdogo wake kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia, tukashuka kutoka Kadutu hadi hospitali. Tulikaa kwenye benchi saa nne. Lakini sikuwa na hofu, maana mkononi nilishika karti yetu ya mutueli. Tumelipa tangu mwezi wa pili, watu sita wa nyumba, picha zimebandikwa, muhuri umepigwa. Nilikuwa nimekaa pale kama mama mwenye shamba.

Daktari wa meno akagonga jino moja la nyuma kwa chuma kidogo, mtoto akaruka. Akasema, "Mama, hili haliokoki tena. Tutaling'oa." Nikamjibu basi na ling'olewe, la utoto hilo, lingine litaota. Akaniangalia kidogo kabla ya kusema. "Hili si la utoto, mama. Hili ndilo la kudumu. Hakuna lingine linalokuja nyuma yake."

Niliona haya. Nimelea watoto wanne na sikujua.

Jino likang'olewa. Mutueli ikalipa, na sehemu yangu haikufika bei ya kilo mbili za maharagwe. Nikashukuru. Halafu daktari, kwa moyo wake mwema, akamwita mdogo wake, mwenye miaka mitano, akamwambia afungue kinywa. Akakuta shimo dogo kwenye jino la nyuma, halijaanza kuuma. Akasema hilo linazibika leo leo, dakika chache tu. Nikatoa karti tena. Yule mama wa mapokezi akaisoma, akatikisa kichwa: kuziba haimo. Kutazama mtoto asiye na maumivu haimo. Kung'oa imo.

Franga za kuziba sikuwa nazo. Tukapanda mlima kurudi nyumbani, mmoja na pengo, mwingine na shimo lake, na mimi na karti yangu.

Tuisemee mutueli haki yake kwanza. Karti hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa jirani yangu hospitalini mwaka jana baada ya kupasuliwa ili ajifungue. Bila hiyo angezuiliwa wodini na kichanga chake mpaka ukoo uuze kitu. Sanduku la mutueli ni dogo. Linajazwa na franga za wauza ndizi na walimu, na wanaoliendesha wanaogopa lisikauke kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo wanaandika yale makubwa: malaria kali, upasuaji, kujifungua. Meno wanayaweka upande mmoja na miwani, kama vitu vya urembo. Kisha, kwa kuwa jino linalouma haliwezi kuachwa, wanaongeza kung'oa. Ukiangalia hesabu yao ya mwaka mmoja, wana akili. Watoto wanaoziba ni wengi na wanaong'oa ni wachache, basi lipa wachache.

Lakini bima inatufundisha mwenendo bila kusema neno. Karti ikilipa mwisho tu, mama anajifunza kuja mwisho. Hakuna aliyeniambia, "Subiri mpaka avimbe." Karti ndiyo iliyoniambia.

Nami nilimuuliza yule daktari maswali mengi siku ile, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, na alinijibu yote. Jino haliozi kwa siku moja. Linaanza na alama nyeupe kama chokaa, karibu na ufizi. Hapo hakuna shimo bado, na dawa ya meno yenye fluori pamoja na kupunguza sukari vinaweza kuirudisha nyuma. Baadaye rangi inakuwa ya kahawia, shimo linafunguka. Hapo linazibika. Shimo likifika kwenye mshipa ndani ya jino, mtoto analia usiku, hali, haendi masomo. Halafu usaha, shavu, homa. Kwenye njia hiyo yote karti yetu inatokea mwisho kabisa.

Na hili jino lililonipa haya, wamama, lijueni. Mtoto ana meno ya utoto 20. Akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno hayo, yanaota meno manne mapya makubwa, moja kila pembe. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, kwa hiyo hakuna mama anayeona kitu. Mtoto haji na jino mkononi kukuonyesha. Yanaota kimya, yana mifereji juu ambamo uji na bombo vinakwama, na mtoto wa miaka sita hafikishi mswaki huko nyuma. Sisi tunasema ni ya utoto. Ndiyo atakayotafunia muhogo akiwa bibi.

Wengine mtasema haya ni shida ya umaskini wetu, nchi zilizoendelea wamemaliza. Wengi wetu tuna ndugu Amerika, waliotoka kambi za Burundi, Tanzania au Uganda wakapelekwa huko, na wanatuambia kwamba watoto wao wanaitwa kwa daktari wa meno wakiwa hawaumwi. Ni kweli. Bima ya serikali kwa familia zenye kipato kidogo, inayoitwa Medicaid, inalazimishwa na sheria kulipia meno ya watoto, kuyatazama na kuyatibu. Utaratibu huo una mizizi tangu mwaka wa 1967.

Hata hivyo, mwaka wa 2007, katika jimbo la Maryland, mtoto wa kiume wa miaka 12 alikufa kwa sababu ya jino. Usaha ulipanda ukaingia kwenye ubongo. Mama yake alikuwa anahangaika kutafuta daktari wa meno atakayekubali karti ya Medicaid, tena kwa ajili ya ndugu yake mdogo ambaye meno yake yalionekana mabaya zaidi. Halafu bima ya familia ikakatika. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kung'oa jino lile kungegharimu dola kama 80, na kwamba hospitali ilitumia zaidi ya dola 250 000 kujaribu kumwokoa. Watu walisimama, na mwaka wa 2009 bunge lao liliandika kwamba hata ile bima nyingine ya watoto, ya familia ambazo si maskini sana lakini hazijiwezi, lazima iwe na meno ndani.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. La kwanza, karti peke yake haifungui kinywa cha mtoto. Lazima kuwe na daktari anayeikubali, na sisi madaktari wa meno wako mjini, si kule milimani ambako wengi wenu mnasoma karatasi hii. La pili, huko sheria ilibadilika kwa sababu watu waliuliza.

Ufaransa wana njia nyingine inayonifurahisha. Tangu mwaka wa 2007 bima yao ndiyo inayomwandikia mtoto: umefika miaka 6, nenda ukatazamwe, tunalipa sisi. Tena, mpaka mwaka wa 2025, ilikuwa kwa miaka 9, 12, 15 na 18. Mwaka wa 2019 wakaongeza miaka 3. Hawangoji mama akumbuke. Angalieni namba ya kwanza waliyoanza nayo: 6. Si bahati nasibu, ni lile jino.

Kwetu Kongo, bima ya afya ya wote imeanzia kwenye uzazi, Kinshasa mwezi wa tisa 2023, kisha provensi zingine: mama anayejifungua na kichanga chake. Ni pahali pazuri pa kuanzia na sina neno la kupinga. Lakini kutoka kichanga hadi mtoto wa miaka sita hatuwezi kungoja tu serikali.

Msiniambie kwamba kuzuia ni ghali. Kuna namna ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kupekecha. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, anajaza dawa ngumu kama saruji nyeupe, basi. Namna hiyo ilianzishwa kwa majirani zetu, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na stima, leo inatumika dunia nzima. Kuna pia maji ya dawa yenye fedha na fluori, yanapakwa kwenye shimo kwa brashi ndogo na kuoza kunasimama. Kasoro yake ni kwamba jino linabaki jeusi pale. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliviweka vyote viwili, saruji ile na dawa ile, pamoja na dawa ya meno yenye fluori, kwenye orodha yake ya dawa za lazima.

Sasa sikieni jambo ambalo limenifanya niandike.

Siku ya Mungu nilikwenda kwenye MUSO yetu. Nikaomba sanduku jekundu linisaidie kuziba jino la mtoto. Mweka hazina akafungua daftari ya kanuni, akasoma: sanduku jekundu ni la ugonjwa, kujifungua na msiba. "Mtoto anaumwa?" Hapana, haumwi. "Basi si ugonjwa." Wengine wakacheka, mmoja akasema mama huyu anaomba msaada wa urembo. Nikawa tayari kukasirika, kisha nikakumbuka ni nani aliyeandika kanuni ile. Ni sisi. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya komite miaka mitatu iliyopita, mwandiko ule ni wangu. Tuliandika sawasawa na mutueli ninayoilaumu: lia kwanza, ndipo tukusaidie.

Nikawaeleza habari za jino la miaka sita. Mama mmoja, mkubwa kwetu, akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza nje, akamfungua kinywa mbele ya dirisha. Akanyamaza. Kicheko kikaisha hapo.

Tulibishana mpaka jioni. Upande mmoja unasema tukifungua mlango huu sanduku litaisha kwa mashimo ya watoto, na siku ya msiba hatutakuwa na sanda. Si neno la ujinga. Upande mwingine, ambako niko mimi, unasema tusilipe kila jino. Tulipe mara moja kwa mwaka daktari apande huku kwetu siku moja, atazame watoto wa memba wote wenye miaka mitano hadi saba. Gari moja, siku moja, gharama tunagawa. Kwa wale atakaowakuta na shimo, wazazi wachukue mkopo wa sanduku la kijani bila faida. Tumeahirisha. Tutapiga kura siku ya Mungu ya pili ya mwezi ujao, na matokeo nitayaandika hapa, hata kama nimeshindwa.

Wale walio katika mutueli, jueni kwamba sheria ya mwaka wa 2017 juu ya mutueli inawatambua wanachama kuwa ndio wenye chombo. Orodha ya matunzo haikushuka mbinguni. Inajadiliwa kwenye mkutano mkuu, na sisi wamama tunaenda kwenye mkutano huo kupika tu. Safari hii nitauliza mambo mawili: kumtazama mtoto mara moja anapofika miaka sita, na kuziba kwa vyombo vya mkono. Nitaomba watuonyeshe ni wangapi waling'olewa meno mwaka jana, na umri wao. Kama kuna mwanachama kati yenu, njoo tukae pamoja. Mtu mmoja akiuliza anaonekana msumbufu.

Nyumbani, mengi mnayajua. Mswaki mara mbili, na ule wa usiku ndio mkubwa, baada yake maji tu. Mtoto asilale na chai ya sukari kwenye biberoni. Kwenye soko angalia tubu kabla ya kulipa: kuwe na neno fluor na namba 1000 au zaidi. Aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu, kama punje ya mbaazi. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na umshikie mswaki wewe mwenyewe mpaka miaka saba au nane, hasa huko nyuma. Nami nimeanza kufanya hivyo juzi tu, msinicheke.

Mdogo alizibwa jino siku ya nne ya juma, kwa mkopo wa sanduku la kijani, pamoja na faida yake kama kanuni inavyotaka. Hakulia. Daktari alinionyesha kwa kioo kidogo, nyuma ya lile alilolitengeneza, ufizi umeanza kuvimba na ncha nyeupe imetokeza. Anatimiza miaka sita mwezi wa nane.