Moyo wa Mtoto Hausubiri Korosho

Mtoto mchanga akinyonya kwa taabu, akikohoa kila mara na kukonda, maneno nyumbani huwa mengi kuliko matibabu. Bibi atasema ana kimeo, akatwe. Jirani atanong'ona kwamba wazazi wamembemenda, na mama ataona haya hata kumpeleka kliniki. Mwingine atasema ndivyo walivyo watoto wa ukoo ule, wembamba. Ni wachache watakaofikiri kwamba huenda shida iko kwenye moyo.

Mwezi huu tunapenda kusema jambo moja kwa wazazi wa Tandahimba, Newala na Masasi. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo anaweza kutibiwa, tena hapa hapa nchini. Lakini lazima afikishwe kwa daktari anayehusika, na afikishwe mapema.

Kasoro yenyewe ni nini?

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndivyo ilivyo duniani kote, kwa matajiri na kwa maskini. Kwa kuwa wilaya zetu huzaa watoto kwa maelfu kila mwaka, wapo miongoni mwetu, hata kama hawajulikani.

Moyo una vyumba vinne. Kwa watoto wengine ukuta kati ya vyumba una tundu. Kwa wengine mshipa uliopaswa kujifunga siku za kwanza baada ya kuzaliwa hubaki wazi. Wapo pia ambao njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba, hivyo damu isiyo na oksijeni ya kutosha huzunguka mwilini, na midomo, ulimi na kucha huwa na rangi ya bluu.

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Mama akipata rubela mwanzoni mwa mimba, au akiwa na kisukari kisichodhibitiwa, hatari huongezeka. Watoto waliozaliwa na hali ya Down, karibu nusu yao huwa na kasoro ya moyo, na wote yafaa wapimwe. Lakini kubemenda hakutoboi moyo wa mtoto. Moyo huumbika katika wiki za mwanzo za mimba, na kasoro ilikuwapo kabla mtoto hajaonja maziwa. Tunawaomba akina bibi na mashangazi waache kumlaumu mama. Mama anayelaumiwa humficha mtoto, na mtoto anayefichwa hachunguzwi.

Kuhusu kimeo, tusifichane. Kukikata hakutibu kikohozi wala kukonda. Kunaleta damu kutoka na vidonda kuoza, na kwa mtoto ambaye moyo wake umeelemewa hatari ni kubwa zaidi. Baya jingine ni kwamba familia hudhani imekwisha kutibu, ikakaa miezi ikisubiri nafuu.

Dalili za kuangalia

Mchanga mwenye shida ya moyo huchoka kabla hajashiba. Hunyonya kidogo, huachia titi ahemee, na kichwa hutoka jasho. Huhema haraka hata akiwa amelala. Uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, na homa ya mapafu humrudia mara kwa mara. Mkubwa kidogo hushindwa kukimbia na wenzake. Ukiona mtoto ambaye kila akicheza huenda kuchuchumaa kando ili apate pumzi, usimcheke wala usimwite mvivu, mpeleke akapimwe. Mtoto wa aina hii akizidiwa ghafla na kuwa bluu, mtulize, mkunje magoti yafike kifuani, kisha mkimbize hospitali.

Kwa nini tunasema mapema? Tundu kubwa husukuma damu nyingi mno mapafuni. Mishipa ya mapafu huvumilia kwa muda, kisha huanza kuwa migumu. Ikishakuwa migumu sana, kuziba tundu hakumsaidii tena mtoto, bali kunaweza kumwua. Aliyeweza kupona kabisa akiwa na miezi minane anaweza kuambiwa akiwa na miaka minane kwamba wakati umepita. Basi aliyemnyima uzima si ugonjwa peke yake, ni kuchelewa pia.

Njia ya kufika kwa bingwa

Anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu, na sema dalili zote bila aibu. Hapo omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Kutoka wilayani, njia huelekea hospitali kubwa za kwetu kusini: Ligula mjini Mtwara, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, au Ndanda. Kipimo kinachotafutwa huitwa eko. Ni picha ya moyo ukiwa unapiga, inayopigwa kwa mawimbi ya sauti kama altrasaundi ya wajawazito. Hakiumizi. Kabla ya kupanda gari, ulizeni kwa simu siku ambayo mpimaji yupo, maana safari ya bure hukatisha tamaa.

Mwisho wa njia ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Zamani waliohitaji upasuaji wa moyo walipelekwa nje, hasa India, na wengi walikufa wakiwa kwenye orodha. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi hiyo ikaanzishwa. Leo watoto hupasuliwa pale, na baadhi ya matundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Madaktari wake pia wamekuwa wakitoka kwenda mikoani kupima watu. Tangazo la namna hiyo likisikika, lipelekwe kila jumuiya.

Si kila daktari wa moyo ni wa mtoto

Neno "bingwa wa moyo" ni pana. Yuko anayetibu shinikizo la damu la wazee, yuko anayechunguza mioyo ya watoto, na yuko mpasuaji. Elimu ya moyo wa mtoto ni fani ya pekee. Daktari Helen Taussig wa Marekani ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wake. Masikio yake yalikuwa mazito, akajifunza kutambua mapigo kwa vidole. Ni yeye aliyefikiria njia ya kuwasaidia watoto wa bluu, na mwaka 1944 Alfred Blalock na msaidizi wake Vivien Thomas wakaifanya kazi hiyo mjini Baltimore. Tangu hapo imejulikana kwamba moyo wa mtoto si moyo wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa.

Kwa hiyo msione haya kumwuliza daktari. Kasoro hii inaitwaje? Tuandikie. Eko imeonyesha nini? Ni ya kuzibwa, ya kupewa dawa, au ya kungoja? Kama ni kungoja, hadi lini? Nani anayeshughulikia watoto wa namna hii, na yuko wapi? Dalili gani zikitokea tukimbie hospitali? Daktari mwema hakasiriki akiulizwa. Tena si kila tundu hupasuliwa. Matundu madogo mengi hujifunga yenyewe, na bingwa wa kweli atawaambia hivyo. Lakini kungoja kwa ushauri wa bingwa, mkiwa na tarehe ya kurudi, ni tofauti na kungoja kwa kukata tamaa. Majibu yote yawekwe kwenye bahasha moja, nayo isafiri na mtoto popote.

Fedha na sisi wengine

Tunajua jibu la wazazi wengi: "Tutakwenda tukiuza korosho." Minada huanza Oktoba. Mtoto aliyegunduliwa Machi hawezi kuwekwa ghalani hadi Oktoba. Nendeni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kusikiliza wasioweza kulipa. Ulizeni habari za bima mapema, kabla mtoto hajaugua. Wala uamuzi usicheleweshwe kwa kungoja kikao cha wajomba kikamilike. Mjomba anaheshimiwa kwetu, na mjomba mwenye busara atasema, "Nendeni, mimi nitakuja nyuma."

Hapa tunasema pia na jumuiya zetu. Tunachangia harusi, jando na misiba bila kusukumwa. Nauli ya mama na mtoto hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 500, haiishindi jumuiya ya nyumba kumi na tano. Tena mwenye ndugu wa kuwapokea kule amesaidia kuliko mwenye noti. Mama akiwa safarini, watoto waliobaki nyumbani wapate mtu wa kuwapikia na kuwachotea maji.

Mtoto akishatibiwa, kliniki isiachwe, na meno yake yatunzwe vizuri, kwa sababu vijidudu vya meno mabovu vinaweza kupita kwenye damu na kushambulia moyo. Msichana aliyepona, akifikia umri wa kuolewa, amwone daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba.

Kama yuko mtoto nyumbani kwako au kwa jirani ambaye hanenepi na kuhema kwake kunakutia wasiwasi, usingoje toleo lijalo. Kesho asubuhi chukueni kadi yake ya kliniki, mwende zahanati.