Elimu ya Profesa Chami Irudi Pwani

Wananchi wa Pande, Songo Mnara na Kilwa Kisiwani wamezoea kuwaona wataalamu wakishuka pwani, wakichimba, wakipima, kisha wakienda zao. Neville Chittick aliichimba Kilwa Kisiwani kwa miaka kadhaa, na mwaka 1974 kikatoka kitabu chake chenye juzuu mbili. Ni kazi kubwa, nasi hatuibezi. Lakini ilikuwa kazi ya mgeni, kwa lugha ya mgeni.

Ndiyo maana safari ya kitaaluma ya Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina uzito wa pekee kwetu. Mtanzania huyu alipata shahada ya udaktari Uppsala, Sweden, mwaka 1994, kwa utafiti juu ya pwani yetu katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Mwaka 1999 alitangaza kwamba shanga zilizofukuliwa Rufiji, kaskazini ya Kilwa, ni za enzi ya Dola ya Kirumi. Kwa maoni yake, pande hizo ndiko ulikokuwa mji wa Rhapta, unaotajwa katika Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza. Kitabu hicho chasema wafanyabiashara walileta mikuki, mashoka na vitu vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Tena chataja mashua zilizoshonwa kwa kamba. Mzee gani wa pwani hajapata kusikia habari za mtepe?

Wapo wataalamu wasiokubaliana naye juu ya mahali pa Rhapta, na ubishi huo ni halali. Lililo kubwa kwetu ni kwamba alikataa kuianza historia ya pwani na jahazi la mgeni; aliianza na wakulima na wafua chuma wa hapa hapa.

Hata hivyo, tasnifu yake na makala ile ya shanga navyo viliandikwa kwa Kiingereza. Tunawaomba wahusika, yaani Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, Chuo Kikuu na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, wachapishe muhtasari wa Kiswahili wenye ramani na picha za shanga hizo, ufikishwe katika kila shule ya visiwani na ya Pande. Na mtafiti atakayeshuka tena, awakusanye wanakijiji kabla hajapanda mashua, awaonyeshe alichokipata. Wao ndio walioshika makoleo.