Nasaha kwa Vijana Mnaoshuka Bonde la Rukwa

Ndugu zangu vijana, naandika haya kabla mvua za Novemba hazijaanza. Nawasikia, ninyi wa Mbeya, Vwawa na Tunduma, mkipanga kukusanya mahema na sufuria, mshuke kwa barabara ya Mbalizi hadi Galula, na kutoka hapo muingie porini kwa miguu kuelekea Ziwa Rukwa. Siwazuii. Nchi ni yetu, na bonde lile lina mengi ya kuonwa. Miamba ya Galula ndiyo iliyowapa wanasayansi mifupa ya Rukwatitan, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2014, na ya Shingopana aliyefuata mwaka 2017. Ni aibu wageni kutoka ng'ambo wayajue makorongo yale kuliko mtoto aliyezaliwa Vwawa.

Lakini kwenda bila kujiandaa kwa dharura ni kosa, na nasema wazi kwamba ni kosa dhidi ya watu wengine, si dhidi ya nafsi yako peke yake. Anayepanda Kilimanjaro hupita getini, jina lake likaandikwa, akaongozana na watu waliopewa kibali cha kazi hiyo. Galula hakuna geti la namna hiyo. Kijana akivunjika mguu korongoni, wa kwanza kumtafuta ni mkulima aliyeacha shamba lake, mchungaji aliyeacha ng'ombe wake, mvuvi aliyekuwa anakausha nyavu. Hao watashika tochi na kutembea usiku kucha penye nyoka na viboko, bila posho, kwa kuwa malezi yetu hayaturuhusu kumwacha mtu porini. Wema huo tusiufanye kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Kuna kisa cha jirani zetu wa Zambia ambacho kila msafiri angefaa akijue. Tarehe 20 Januari 1867 David Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa. Dawa zake zote zilikuwa humo, na sanduku alikuwa amekabidhiwa kijana mmoja kwa sababu ya uangalifu wake. Siku ile kijana akabadilishana mzigo na mwenzake. Wapagazi wawili wakatoroka, na sanduku likaenda nao, pamoja na kwinini ya homa. Livingstone alitambua siku ileile uzito wa jambo lile. Miaka iliyofuata aliugua mara kwa mara, akafariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo. Mimi simlaumu yule kijana. Lawama ni ya kuziweka dawa zote mahali pamoja, na mpaka leo makundi ya vijana hufanya hivyohivyo: mkoba mmoja wa huduma ya kwanza, mgongoni kwa mtu mmoja, naye ndiye anayetangulia mbele kuliko wote. Gawaneni. Kila mmoja abebe bandeji, dawa ya maumivu na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinatosha kumsaidia anayeharisha hadi afike kwa mganga.

Jambo la nyoka ndilo linalonitia uchungu kuliko yote, maana hapo watu hufa kwa ujinga unaoweza kuondolewa kwa nusu saa ya mafunzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka. Koboko na kifutu wako huku kwetu. Na bado mtu akiumwa, wenzake humchanja kwa wembe, humnyonya jeraha, humfunga kamba hadi mguu unakufa ganzi, au humbandika jiwe jeusi wakingoja litoe sumu. Yote hayo hupoteza muda na kuongeza madhara. Mlazeni, mtulizeni, mvueni pete na viatu kabla hajavimba, fungeni mguu kwa kijiti usichezecheze, kisha mwondoeni hapo haraka. Asitembee. Pikipiki inafaa, akikaa katikati na mwingine akimshika kwa nyuma.

Mwondoeni kumpeleka wapi? Swali hilo lijibiwe mkiwa bado nyumbani. Si kila kituo cha afya kina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, kwa hiyo pigeni simu kabla ya safari, mwulize waziwazi Mkwajuni, Vwawa au Mbeya ni wapi ilipo wiki hiyo. Kuulizana njiani huku mgonjwa akitapika ni kuchelewa.

Mto Songwe nao una tabia yake. Maji yake hutoka milimani upande wa Mbeya, hivyo mvua ikinyesha huko juu usiku, mto unaweza kujaa Galula asubuhi chini ya mbingu isiyo na wingu. Msipige hema kwenye mchanga wa mto wala korongoni, hata pawe pazuri namna gani. Ziwani msioge, mamba wapo, na maji yake yana magadi. Bebeni ya kunywa. Mtakaporudi, atakayepata homa apimwe malaria siku hiyohiyo.

Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji ziandikeni, ila korongoni mtandao hukatika, na simu isiyo na mtandao haimwiti mtu. Kwa hiyo mkifika Galula, kabla ya kushika njia, piteni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Salimieni, jitambulisheni. Mwachieni karatasi yenye majina yenu, namba za jamaa, upande mnaoelekea, siku ya kurudi, na saa ambayo mkiwa hamjaonekana watu waanze kuwatafuta. Chukueni namba ya kijana mmoja wa bodaboda anayezijua njia zile, na fedha ya mafuta ya kuwafuata muiache hapohapo ofisini, taslimu.